Mbwa wa Zamu

Watu wakisikia kwamba nilizalisha mbwa kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, hucheka kwanza, halafu huuliza hapo kazi ilikuwa ipi. Mbwa si anazaa mwenyewe? Siku hizi siwajibu. Nimechoka kueleza, na kusema kweli nilikuwa nimechoka hata enzi zile nilipokuwa na meno yote. Lakini leo mvua imenifungia ndani na sina la kufanya, basi nieleze mara moja, atakayesikia asikie.

Kazi ilianza na chungu. Ufipa kwetu ni nyasi mpaka macho yanachoka, na kuni unazifuata mbali. Chakula cha watu nilipikia kuni. Cha mbwa nilipikia magunzi ya mahindi na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, na moshi wake ukikuingia machoni unalia hata kama huna msiba. Ndani ya chungu niliweka pumba, machicha ya pombe ya ulezi nikiyapata, na vichwa vya samaki wakavu waliopandishwa kutoka Ziwa Rukwa. Asubuhi chungu, jioni chungu. Katikati hapo kulikuwa na kutoa kupe masikioni, kuosha watoto wa mbwa kwa maji ya tumbaku ili viroboto watoke, kuwatibu waliochanwa na nguruwe, na kuzoa mavi uani kabla wakwe hawajaamka. Mikono yangu ilinuka mbwa hata kanisani. Kuna mama mmoja tuliyekuwa tukikaa naye benchi moja, alikuwa akisogea kidogo kidogo mpaka anafika mwisho wa benchi wakati wa mahubiri, na siwezi kumlaumu.

Hayo yote ni kufuga tu, kila mtu anaweza. Kuzalisha ni kuchagua. Baba yangu alikuwa na mbegu yake ya mbwa: wekundu, miguu mirefu, vifua vipana, si wa kubwekabweka ovyo. Kazi yao ilikuwa nguruwe pori. Mtu ambaye hajalima kwetu hawezi kujua nguruwe ni nini. Unatengeneza matuta, unapanda, unapalilia, mahindi yanaanza kubeba, halafu kundi moja linapanda kutoka bondeni na shamba linakuwa uwanja wa mpira. Mbwa wa kawaida anabweka akiwa nyuma ya miguu yako. Mbwa wa baba alimzunguka nguruwe, akamsumbua kwa nyuma, akakwepa, akarudi, mpaka nguruwe mwenyewe akaona shamba hili lina kero akaondoka. Hakumrukia shingoni. Anayemrukia nguruwe shingoni hazeeki.

Baba hakupata mtoto wa kiume aliyependa mbwa, nikapenda mimi. Nilipoolewa nilifika kwa mume wangu na jike mmoja nyuma yangu, na mawifi wakasema bibi harusi huyu kaja na ndugu yake. Maneno hayo yalinikera miaka mingi. Baadaye niliacha kukereka, maana shamba letu lilikuwa zima na mashamba yao yalikuwa yamefukuliwa, na walikuja wenyewe kuomba.

Mbwa hatukumuuza. Mtu aliyetaka alileta kuku au jembe, na mimi kwanza nilikwenda kuangalia kwake. Nilimwuliza mke wa nyumba ile: nani atamlisha? Wakiniambia "sote tu," nilirudi nyumbani na mtoto wangu wa mbwa kwapani. Hiyo ilikuwa sheria ya baba, na mimi niliifuata kama mtu anavyofuata adabu ya kwao bila kuuliza sababu. Na kulikuwa na kazi nyingine, ambayo hakuna anayeipenda. Jike akizaa wengi kuliko maziwa yake, wale dhaifu niliwaondoa siku ileile kwa ndoo ya maji. Nilifanya mwenyewe, sikumtuma mtu. Sitaieleza zaidi ya hapo.

Mume wangu hakupenda mbwa. Alikuwa katekista wa kigango chetu, mtu mpole mwenye mguu mmoja mbaya na mashati meupe, na tangu tuoane sikumwona hata mara moja akimgusa mbwa kwa mkono. Akitaka apishwe njiani alikohoa. Siku za ndoo alichukua kofia yake akatoka, akarudi jioni, tukala. Hatukugombana. Tuligawana nyumba tu: yeye na vitabu vyake mbele, mimi na mbwa nyuma.

Halafu tukahamia kijijini, kama watu wote miaka ile.

Zamani, kutoka kwetu mpaka kwa jirani kulikuwa na bonde zima. Jike akiingia kwenye joto nilimfungia kwenye kihenge kikuukuu, na dume aliyekuja nilimwona tangu yuko mbali, nikamkaribisha kwa jiwe. Kijijini, kando ya barabara iendayo Laela, nyumba zilipangwa mistari, zimekaribiana hivi kwamba jirani akipiga chafya unamwambia pole bila kutoka kitandani. Watu walikuwa na maoni yao kuhusu mpango ule, wengine waliupenda, hasa kwa sababu ya maji na shule. Mbwa waliupenda sana. Mwaka wa kwanza majike wangu wawili kati ya watatu walipandwa na mbwa wa mstari wa tatu kabla sijamaliza kukaza kamba, wakazaa vitu vyenye miguu mifupi na masikio yaliyolala, wazuri wa kuchezea na basi. Mmoja wa majike hao akafa kwa ugonjwa, mwingine alikanyagwa na lori la mahindi.

Nilibaki na jike mmoja wa mbegu ya baba. Alikuwa mtu mzima, mdomo umeanza kuwa mweupe, na nilijua amebakiwa na uzao mmoja tu. Nilitaka jambo moja tu duniani: uzao huo utoke kwa dume wa kweli, na ndani yake niwe na jike mmoja wa kuendeleza. Baada ya hapo nilikuwa tayari kupumzika. Nilikuwa nimejiahidi kabisa.

Madume wangu wote walikuwa wanawe, kwa hiyo dume wa kweli alikuwa kwa kaka yangu, Kaengesa, karibu na misheni; mbwa hakuwapenda, ila wawili wa mbegu ya baba aliwaweka walinde shamba. Jike alipoingia kwenye joto mvua zilikuwa zimekolea. Nilimpaka maji ya tumbaku nyuma ili kuficha harufu, nikamfunga kamba fupi, nikasimama barabarani. Utingo wa basi alinitazama, akamtazama mbwa, akasema, "Mama, huyo naye anakwenda kuungama?" Akagonga bodi wakaondoka. Nikatembea. Tope lilikuwa la kuvuta viatu, na kila kijiji tulichopita madume walitoka kutupokea, nami nikawa nageuka geuka na fimbo njiani kama mlevi. Nilipofika kwa kaka hata shikamoo ya watoto wake sikuijibu vizuri, nilikaa chini palepale mlangoni. Wifi yangu akanivua viatu. Nilikaa kwao mpaka jike alipopandwa na kuanza kumkataa dume, halafu nikarudi na tumbo lenye nilichokitaka, au angalau nikiomba hivyo.

Nilifika kijijini nikakuta mkutano.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa mume wa wifi yangu mwingine, yule dada mdogo wa mume wangu. Nyumbani aliniita shemeji na kuniamkia, maana ni mdogo kwangu. Mkutanoni aliniita ndugu, kana kwamba tumekutana siku ile. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amekonda tangu apewe cheo, na mkewe alisema usiku hapati usingizi kwa sababu ya shamba la ujamaa. Shamba lile lilikuwa kubwa, chini kule bondeni, mwendo wa asubuhi nzima kwa mtu mwenye jembe, na mwaka uliopita nguruwe walikula zaidi kuliko sisi. Likiliwa tena, kijiji kizima kingemaliza akiba kabla ya mavuno mengine.

"Ndugu zangu," alisema, "shamba ni letu sote. Jembe ni letu sote. Nguruwe naye anakula cha wote, habagui. Sasa kwa nini mbwa awe wa mtu mmoja?"

Watu wakapiga makofi. Mimi nilisimama, nikiwa bado na tope la Kaengesa miguuni.

"Ndugu mwenyekiti, hao mbwa watalishwa na nani?"

"Na kijiji. Kwa zamu. Kila nyumba siku yake, kama tunavyopalilia."

"Na huyu mwenye mimba?"

Akasita kidogo. "Huyo abaki kwako mpaka azae, ndugu. Kijiji kina utu. Watoto wakiachishwa, tutaona."

Mtu mmoja nyuma kule akasema kumbe tuna bepari wa mbwa hapa na hatukujua. Watu walicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Na mimi nilicheka, kwa hasira, kisha nikakaa.

Nisijipambe. Hata mimi sikujua kitakachotokea. Sikusimama pale kama mjuzi, nilisimama kama mtu anayenyang'anywa. Nilidhani mbwa ni mbwa, akishiba atafanya kazi, na kilichonichoma ni kwamba madume wangu niliowalea wangekwenda kulala mahali nisipowaona. Siku ya pili vijana wakaja na kamba wakawachukua, pamoja na mbwa wengine wenye sura ya kazi, wakawapeleka bondeni kwenye boma la miiba pembeni mwa shamba. Mwenyekiti mwenyewe alikwenda kuwakabidhi kazi. Akiwa kwenye shughuli ya serikali hata mbwa aliwasemesha Kiswahili, nao wakamtazama tu, maana maisha yao yote walikuwa wameamrishwa Kifipa.

Mwanzo zamu ilikwenda vizuri. Kila nyumba ilipeleka ugali na makombo, na wengine walipeleka kwa mbwembwe, ili ionekane. Kisha wakaanza kutegeana. Mwenye zamu alisema jana walikula sana, leo hawana njaa. Wa kesho yake alisema hakuambiwa. Mbwa nao hawakuwa wajinga. Waligundua kwamba chakula kinatoka mstari wa nyumba, na kwamba hakuna nyumba iliyo na haki ya kuwafukuza. Wakaanza kupanda kutoka bondeni jioni jioni na kukaa kwenye milango. Walimtingishia mkia kila mtu. Mlango walioupenda kuliko yote ulikuwa wa mama mmoja aliyepika pombe, kwa sababu ya machicha. Huyo ilibidi aruke mbwa ili atoke kwake. Kule shambani alibaki mzee wa lindo na debe lake, akiligonga peke yake, na nguruwe walilizoea lile debe mpaka nadhani walikuwa wakilitumia kujua njia.

Nilipita mbele ya mbwa wangu nikawaita. Waliinua vichwa, wakanisalimu kwa mkia, uleule waliompa kila mpita njia, wakalala tena. Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu kwamba nimeumia. Alifunga kitabu chake akasema pole. Pole tu, lakini alikifunga kitabu.

Mwenyekiti alikuja siku ambayo nguruwe walikuwa wamekula pembe nzima ya shamba. Mahindi yalikuwa ndiyo kwanza yanajaza. Alikuja mwenyewe, bila kamati.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Leo mimi ni shemeji."

Akainama kidogo. Nilimpa kigoda. Alikaa akitazama mikono yake, na niliona jinsi alivyochoka, nikajiona mimi mwenyewe.

"Mbwa nimesema nao, nimewapiga, nimewafunga," alisema. "Ukimfungua, huyo, kwenye nyumba. Lakini wewe walikuwa wanakusikia."

"Walinisikia kwa sababu niliwalisha. Mkono mmoja, miaka yote."

"Basi walishe."

"Niwalishe vipi, wako bondeni?"

"Bondeni hukohuko. Tutakujengea kibanda. Unga utaletwa kwa zamu, ila uletwe kwako. Mpaka tuvune."

Nikamwonyesha jike wangu, amelala karibu na mafiga, tumbo limeshuka. Siku zake zilikuwa zimekaribia. Kumpeleka kule haikuwezekana: kibanda cha nyasi, baridi ya bonde, matope, na madume wenye njaa wanaoweza kula watoto. Kumwacha ilikuwa kuacha kitu pekee nilichokifuata kwa miguu mpaka Kaengesa. Nilisema hapana. Nilisema nimelitumikia shamba la kila mtu katika nchi hii, safari hii nalinda tumbo moja tu. Mwenyekiti hakubisha. Hilo lilinikera kuliko kama angenipigia kelele, kwa sababu mahindi yale yalikuwa ya watoto wa watu, na wajukuu zangu mimi walikuwamo.

Mume wangu alikuwa amekaa pembeni akisugua mguu wake.

"Nenda," alisema. "Huyu nitamwangalia mimi."

"Wewe?"

"Kwani ni simba?"

Nilicheka, halafu nikaona hacheki. Kesho yake nilimkalisha nikamfundisha: alale wapi, ale nini akizaa, uji wa ulezi uwe mwepesi kiasi gani, dalili gani zikionekana aniite. Aliyarudia yote kwa mpango, swali na jibu, kama alivyozoea kuwafundisha wakatekumeni wanaongoja ubatizo. Nilipofika kwenye ndoo alininyamazisha kwa mkono. "Hilo nitaona," alisema. Nikaondoka na chungu changu kichwani.

Bondeni nilikaa msimu mzima. Sijui niueleze vipi, maana siku zilikuwa zimefanana. Kibanda kilivuja. Upepo wa Ufipa hauna adabu, unaingia hata palipozibwa. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kutangaza kwamba yeyote atakayempa mbwa hata ganda la kiazi atakuja kulinda shamba badala yangu, na mwenyekiti akaniunga mkono, safari hii kwa Kifipa. Mbwa walipopanda kijijini jioni wakakuta milango imefungwa. Walirudi kwangu wakiwa wamenuna. Niliwapa kidogo, kwa mkono, mmoja mmoja, kwa jina lake. Kesho tena. Walinirudia polepole, kwanza wale madume wangu, kisha hata wale mbwa wa watu. Niliwapanga kwenye mipaka ya shamba, nikiwatembelea na bakuli, huyu hapa, huyu pale, kila mmoja akajua chakula chake kinamkuta wapi. Alfajiri tulitoka pamoja kwenye umande mpaka kiunoni, mimi nikipiga kelele, wao wakizunguka. Dume mmoja alichanwa ubavu, nikamshona kwa uzi wa gunia huku nimemkalia shingo. Kuna asubuhi nilikaa kwenye tuta nikashindwa kuinuka, si kwa ugonjwa, miguu ilikataa tu. Mbwa wakakaa wakaningoja. Mahindi yakakomaa.

Habari za nyumbani niliziletewa na unga. Mama mmoja wa zamu alishusha kikapu akasema, "Amezaa. Saba. Na mzee wako anatembea kijijini kama aliyezaa ni yeye."

Jumapili nilimwachia mzee wa lindo bakuli, nikapanda. Nilimkuta mume wangu amekaa sakafuni. Kwenye sakafu, na suruali yake ya kanisani. Watoto alikuwa amewalaza kwenye sanduku lake la vitabu, vitabu vimepangwa ukutani. Walikuwa saba kweli, macho bado yamefumba, na niliwainua mmoja mmoja nikiwageuza tumbo. Watatu wazuri. Katika hao jike mmoja tu, mwekundu, mzito mkononi, miguu inasukuma kwa nguvu. Nilimweka shavuni nikasikia machozi yanakuja. Ndiye niliyekuwa nikimtafuta.

"Saba ni wengi kwa mama mzee," nilimwambia mume wangu. "Watamkausha. Watatu au wanne wabaki."

"Wamezaliwa wote," alisema.

"Baba watoto, huyu tukimpoteza..."

"Nimeanza kuwapa uji. Wanashika kidole." Akanionyesha. Alichovya kidole kwenye bakuli, akampa yule jike mwekundu, naye akakinyonya kwa pupa. Mume wangu alikuwa akitabasamu kwa namna ambayo sikuwa nimemwona tangu mtoto wetu wa kwanza. Nilitaka kubishana. Nilikuwa na sababu zote. Lakini nilikuwa nimechoka mno, na ilibidi nirudi bondeni kabla ya jioni, kwa hiyo nilimwambia tu asiufanye uji mzito, nikaondoka.

Tulivuna upepo wa kiangazi ulipoanza. Lilikuwa shamba zima, au karibu zima, na mahindi yalijaza ghala la kijiji mpaka mlango ukafungwa kwa kuegemewa. Walinishangilia mkutanoni. Mwenyekiti aliniita ndugu, akateleza akasema shemeji, na mimi nikampenda kwa hilo. Nikapanda nyumbani na kundi la mbwa nyuma yangu ambao hakuna mtu aliyethubutu tena kusema ni wa kijiji.

Uani nilikuta watoto wote saba wazima. Mama yao amekonda, lakini mzima, amelala juani. Yule jike mwekundu alikuwa ameshatoka kwenye utoto: miguu mirefu, kifua, macho ya kutazama kwanza ndipo aamue. Nimeona mbwa wengi. Mzuri kuliko yule sikumwona kabla wala baadaye, na baba yangu angekuwapo angevua kofia. Nikachuchumaa nikamwita kwa ule mlio wetu wa nyumbani, ambao mbegu ile imeitwa nao tangu kwa babu.

Alinitazama kwa heshima. Kisha ndani ya nyumba mume wangu akakohoa, kile kikohozi chake cha kuomba njia, na wote wakainuka. Watoto saba, na mama yao mzee akajikokota nyuma yao, mama ambaye nilimtembeza kwenye tope lile lote. Wakaenda mlangoni wakakaa wakimngojea atoke. Mimi nilibaki nimechuchumaa katikati ya ua, mkono umenyooka.

Alitoka na bakuli. Aliponiona alisimama, akatazama mbwa, akanitazama mimi, na aliona. Yeye si mjinga. "Mama watoto," alisema, "sikuwafundisha. Walikuja tu."

"Najua," nilisema.

Najua jinsi ya kumrudisha mbwa. Unamfunga, unamnyima, unampa wewe peke yako. Nilikuwa nimetoka kufanya hivyo msimu mzima kwa mbwa wa watu. Jioni ile nilikwenda mpaka kwenye kamba, nikaishika, nikaona jinsi mikono yangu ilivyopasuka, nikairudisha ukutani. Wale wengine sita tuliwagawa kwenye nyumba, na ni mume wangu aliyekwenda kuuliza nani atamlisha. Alikuwa mkali kuliko mimi. Nyumba mbili alizikataa.

Msimu wa pili yule jike mwekundu aliingia kwenye joto, akiwa amekomaa vya kutosha. Asubuhi nilimpaka maji ya tumbaku, alinivumilia. Mume wangu alivaa kofia yake, akachukua fimbo yangu, akamfunga kamba fupi kama nilivyomwonyesha. Nilimkumbusha habari ya madume wa njiani, na ya mguu wake, na kwamba amwambie kaka yangu atoe yule dume mwingine, si baba yake, na asiwaache pamoja bila kuwatazama. Akayarudia yote, swali na jibu. Wakashika barabara ya Kaengesa, yeye akichechemea, mbwa akipunguza mwendo ili waende sawa, na sikumwambia apunguze, hakuna aliyemwambia.

Nilisimama mlangoni nikiona wivu. Nauita kwa jina lake, ulikuwa wivu, wa mbwa na wa safari na hata wa tope. Nilitaka jike yule ageuke anitazame mara moja. Hakugeuka. Walipopotea kwenye mahindi ya watu niliingia ndani, nikapanda kitandani mchana kweupe na viatu vyangu, nikalala mpaka jua likazama.